Mali Bila Daftari: Historia ya Kupimwa kwa Wakimbiaji Wetu

Kila inapofika tarehe 9 Desemba, sisi Watanzania wa Guangzhou hukutana, tukapandisha bendera, tukaimba wimbo wa taifa, tukala pilau, kisha wazee wakawasimulia vijana habari za nyumbani. Mara nyingi habari hizo ni za TANU, za Mwalimu, za Muungano na za reli ya TAZARA. Safari hii tumeona tuandike juu ya jambo ambalo watoto wetu wanalijua kwa miguu yao wenyewe, yaani mbio, na hasa namna wakimbiaji wetu walivyopimwa kwa saa, kwa mizani, kwa kamera na kwa mashine.

Tuna sababu ya kulichagua jambo hili. Watoto wetu wanaosoma katika shule za Kichina hupimwa kila mwaka kwa viwango vya taifa vya afya ya wanafunzi. Hupimwa urefu na uzito, hupuliza mashine inayopima hewa ya mapafu, hukimbia mita 50, huruka mbele kwa miguu miwili, na wakifika sekondari wasichana hukimbia mita 800 na wavulana mita 1,000. Kila tendo lina alama zake katika jedwali. Wengi wao hurudi nyumbani na neno lilelile: "Wewe Mwafrika, umezaliwa na mbio." Aliyeshika nafasi ya kwanza baada ya mazoezi ya miezi mitatu huambiwa kwamba hakufanya kazi yoyote, ni damu tu. Aliyeshika mkia huona ameliaibisha bara zima. Wote wawili wamedhulumiwa, na historia inalo jibu lao.

Kupima si jambo geni kwetu

Wazee wetu wa pwani walipima dunia kwa miili yao. Shibiri ni kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho, kiganja kikiwa kimekunjuliwa. Dhiraa ni kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Pima ni mikono miwili iliyonyooshwa. Kwa vipimo hivyo watu walijenga nyumba, waliunda majahazi na waliuziana vitambaa. Mwili wa mtu ndio uliokuwa kipimo.

Riadha ya kisasa iligeuza jambo hilo, mwili wenyewe ukawa ndio unaopimwa. Mwanzoni kilichotosha kilikuwa saa ya kubonyeza kwa kidole na utepe wa kupimia umbali. Baadaye zikaja kamera, mashine za kukimbilia ndani ya maabara na sahani za kukanyaga zinazopima nguvu ya mguu unapotua chini. Elimu hii ya kuchunguza mwendo wa mwili kama fundi anavyochunguza mtambo ndiyo inayoitwa bayomekanika. Huuliza maswali ya kifundi: mguu unatua wapi, unakaa chini kwa muda gani, goti linapanda kiasi gani, nguvu ngapi inapotea njiani.

Mexico 1968: wa mwisho anayekumbukwa

Tanganyika ilishiriki Michezo ya Olimpiki kwa mara ya kwanza mwaka 1964 mjini Tokyo. Miaka minne baadaye Michezo ilifanyika Mexico City, mji ulioko mita 2,240 juu ya usawa wa bahari. Huko juu hewa ni nyepesi, na kila pumzi huleta oksijeni kidogo kuliko pwani. Wakimbiaji waliotoka nyanda za juu za Afrika Mashariki waling'ara. Naftali Temu wa Kenya alishinda mita 10,000, Kipchoge Keino akashinda mita 1,500, na Mamo Wolde wa Ethiopia akashinda marathoni. Tangu hapo wanasayansi wa Ulaya na Marekani walianza kuuliza kwa bidii: watu hawa wana nini?

Katika marathoni hiyohiyo alikuwamo John Stephen Akhwari, kijana wa Mbulu. Alianguka njiani akaumia goti vibaya. Alifungwa bandeji, akaendelea. Kati ya wakimbiaji 75 walioanza, 57 walimaliza, na yeye alikuwa wa 57. Mamo Wolde alitumia saa 2:20:26, Akhwari alitumia 3:25:27. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma mbali vile kuanza mbio tu, bali kuzimaliza.

Saa haikukosea, kwani mwendo wake ulikuwa ndio huo na nafasi yake ilikuwa ya mwisho. Lakini anayesoma namba hiyo peke yake hajui lolote juu ya goti lile wala juu ya jioni ile. Kipimo husema kweli juu ya kile tu kilichopimwa. Tuliweke neno hilo akilini, maana tutalirudia.

Christchurch 1974: namba iliyoandikwa na Filbert Bayi

Filbert Bayi alizaliwa Karatu mwaka 1953. Tarehe 2 Februari 1974, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Christchurch, New Zealand, alisimama kwenye mstari wa mita 1,500 akiwa na umri wa miaka 20. Siku zile desturi ya mbio za kati ilikuwa kuviziana: mnakimbia kwa kundi, kila mtu akificha nguvu zake, kisha mnafyatuka mzunguko wa mwisho. Bayi hakuvizia mtu. Alitoka mbele tangu mlio wa bastola, akaliacha kundi, akawa peke yake mbele mita nyingi. John Walker, kijana wa nyumbani aliyekuwa akishangiliwa na uwanja mzima, alimfuata na karibu amfikie. Bayi aligeuka kumtazama, akaongeza mwendo, akamaliza kwa 3:32.2. Ilikuwa rekodi mpya ya dunia. Walker alipata 3:32.5, naye pia alikuwa ameivunja rekodi ya zamani ya Jim Ryun wa Marekani, iliyokuwa 3:33.1 tangu mwaka 1967. Wa tatu alikuwa Ben Jipcho wa Kenya.

Watoto wetu wapendao hesabu watazame namba hiyo kwa makini. Rekodi iliandikwa kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde, yaani 3:32.2, ingawa mashine ilisoma 3:32.16. Sebastian Coe wa Uingereza alipoipunguza rekodi hiyo mwaka 1979, ilishuka hadi 3:32.1. Kwa miaka mitano na nusu dunia nzima ilitafuta sehemu moja ya kumi ya sekunde ili kumpita kijana wa Karatu. Na 3:32.16 bado ni rekodi ya taifa letu.

Mwezi Mei 1975, mjini Kingston, Jamaica, Bayi aliweka pia rekodi ya dunia ya maili moja, 3:51.0. Walker aliivunja mwezi Agosti mwaka uleule kwa 3:49.4. Dunia ikasubiri wakutane Olimpiki ya Montreal 1976. Hawakukutana. Tanzania ilikuwa mstari wa mbele kati ya nchi za Afrika zilizosusia Michezo hiyo, kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini wakati wa ubaguzi wa rangi. Walker alishinda dhahabu bila Bayi. Hakuna saa inayoweza kupima mbio ambazo hazikukimbiwa. Lakini katika toleo la Siku ya Uhuru inafaa kijana ajue kwamba taifa lake liliwahi kuona medali ni jambo dogo kuliko uhuru wa jirani.

Mwaka 1980 mjini Moscow Bayi alipata fedha katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji, na Suleiman Nyambui akapata fedha katika mita 5,000.

Maabara yafika Bonde la Ufa

Mwaka 1990 mtaalamu wa Sweden, Bengt Saltin, alikwenda na wakimbiaji wa nchi yake hadi Kenya, nyanda za Iten, ili wapimwe pamoja na Wakenya. Wengi walitazamia kwamba Wakenya wataonekana na mapafu na mioyo ya ajabu. Haikuwa hivyo. Kiasi cha juu kabisa cha oksijeni ambacho mwili unaweza kutumia kilikaribiana kati ya mabingwa wa pande zote mbili. Tofauti ilionekana mahali pengine: kwa mwendo uleule, Wakenya walitumia nguvu kidogo zaidi.

Hapa tuwaeleze watoto kwa mfano wa sokoni. Magari mawili yana matangi yaliyo sawa, lakini moja linakwenda kilomita 10 kwa lita na jingine kilomita 14. Ukitazama matangi tu, hutaona tofauti. Ndivyo ilivyo kwa wakimbiaji. Zersenay Tadese wa Eritrea, aliyeweka rekodi ya dunia ya nusu marathoni mjini Lisbon mwaka 2010 kwa dakika 58:23, alipopimwa alionekana kutumia mililita 150 hivi za oksijeni kwa kila kilo ya mwili katika kila kilomita, wakati wakimbiaji wengi wazuri hutumia karibu 200.

Kwa nini? Sehemu ya jibu ni umbo la mguu. Watafiti wa Skandinavia waliona kwamba mashavu ya miguu ya Wakenya waliowapima yalikuwa membamba na mepesi. Funga paketi ya sukari ya kilo moja kiunoni ukimbie, kisha igawe nusu kwa nusu uzifunge kwenye vifundo vya miguu, utaelewa mara moja. Uzito ulioko mwisho wa mguu hurushwa mbele na kurudishwa kwa kila hatua. Imepimwa kwamba kila gramu 100 zinazoongezwa kwenye kiatu huongeza gharama ya kukimbia kwa asilimia moja hivi.

Basi wenye haraka wakasema: kumbe wamezaliwa nayo! Lakini Saltin na wenzake walipima pia wavulana wa Kenya wasio wanariadha. Wale waliozoea kutembea na kukimbia umbali mrefu kila siku walikuwa na uwezo mkubwa wa kutumia oksijeni kuliko wenzao wa eneo lilelile waliokaa zaidi. Watu ni walewale na milima ni ileile, kilichowatofautisha ni maisha ya kila siku. Mtafiti Mkenya Vincent Onywera wa Chuo Kikuu cha Kenyatta na wenzake waliwahoji mamia ya wakimbiaji wa Kenya, wakakuta kwamba wengi wa mabingwa walikuwa wakikimbia kwenda shule. Na wanasayansi waliotafuta jeni moja ya ushindi, akiwamo Yannis Pitsiladis aliyekusanya sampuli Kenya na Ethiopia kwa miaka mingi, hawakuipata.

Kipimo kimoja hakitoshi

Mwaka 2010 Daniel Lieberman wa Chuo Kikuu cha Harvard alichapisha utafiti ulioonyesha kwamba wakimbiaji wa Bonde la Ufa waliozoea kukimbia pekupeku hutua kwa sehemu ya mbele ya wayo, si kwa kisigino. Habari ikaenea dunia nzima kwamba "Waafrika hukimbia hivi". Miaka mitatu baadaye watafiti wengine walikwenda kwa Wadaasanach wa kaskazini mwa Kenya, ambao nao hukulia pekupeku, wakawapima 38. Katika mwendo wao wa kawaida, wengi walitua kisigino kwanza. Nchi ni moja, na wote walikuwa pekupeku, lakini majibu ni mawili. Aliyepima kijiji kimoja hajalipima bara.

Hapa China kwenyewe tuliona somo hilo kwa macho. Katika mashindano ya dunia ya Beijing, Agosti 2015, bingwa wa kurusha mkuki alikuwa Julius Yego wa Kenya, kwa mita 92.72. Yego alijifunza ufundi wake kwa kutazama video za warushaji wa Ulaya kwenye YouTube. Alitazama kiwiko, bega na mguu wa kuzuia, akarudia mwenyewe uwanjani. Hiyo ni bayomekanika ya mtu asiye na maabara. Na Septemba 2021 Ferdinand Omanyala alikimbia mita 100 mjini Nairobi kwa sekunde 9.77, rekodi ya Afrika, katika nchi iliyoambiwa kwa miaka 50 kwamba kazi yake ni mbio ndefu tu.

Mfano wa mwenyeji wetu

Sisi tunaoishi Guangdong tunaye mfano wa karibu. Su Bingtian alizaliwa Zhongshan, mji wa mkoa huuhuu, na amefundisha Chuo Kikuu cha Jinan hapa Guangzhou. Urefu wake ni mita 1.72 hivi, mfupi kwa mkimbiaji wa mita 100. Naye alikulia katika neno la "kuzaliwa": aliambiwa kwamba mtu wa Asia hawezi kwenda chini ya sekunde 10.

Su na makocha wake walipima kila kitu. Akiwa tayari bingwa, alibadili mguu anaoutanguliza kwenye vibao vya kuanzia, jambo gumu kama mtu mzima kubadili mkono wa kuandikia. Mei 2015 alikimbia 9.99. Baadaye, akiwa na kocha Mmarekani Randy Huntington, alichambua hatua zake moja moja kwa video na vipimo vya mashine. Agosti 2021, kwenye nusu fainali ya Olimpiki ya Tokyo, akikaribia kutimiza miaka 32, alikimbia 9.83, rekodi ya Asia, akaingia fainali.

Watoto wetu wakiambiwa shuleni kwamba wamezaliwa na mbio, wamtaje Su Bingtian kwa heshima. Rafiki yao Mchina aliyeambiwa kwamba hakuzaliwa na mbio amedhulumiwa kwa kauli ileile. Tunaishi mji mmoja, tunaweza kujibu pamoja.

Urafiki huo una historia yake katika riadha. Tarehe 13 Aprili 2008 Mwenge wa Olimpiki ya Beijing ulifika Dar es Salaam, mji pekee wa Afrika uliopitiwa na mbio zake. Ulikimbizwa kutoka stesheni ya TAZARA hadi Uwanja wa Taifa mpya, na majengo yote mawili ni kumbukumbu ya ushirikiano wetu na China. Miongoni mwa walioubeba alikuwa mzee John Stephen Akhwari, yule wa 57.

Tokyo 2025: shibiri moja

Tarehe 15 Septemba 2025, mjini Tokyo, Alphonce Felix Simbu alikimbia marathoni ya mashindano ya dunia. Huyu si mtu aliyezuka ghafla. Mwaka 2016 alikuwa wa tano Olimpiki ya Rio, mwaka 2017 alipata shaba mashindano ya dunia ya London, na Aprili 2025 alikuwa wa pili Boston. Tokyo, baada ya kilomita 42, Amanal Petros wa Ujerumani aliingia kwenye mita za mwisho akiwa mbele. Simbu alimfukuza hadi mstarini. Petros alijitupa mbele akaanguka. Uwanjani hakuna aliyejua nani ameshinda.

Wote wawili waliandikiwa 2:09:48. Ikabidi isomwe picha ya mstari wa mwisho. Kamera hiyo hutazama mstari peke yake na kuupiga picha maelfu ya mara kwa sekunde, na kinachohesabiwa ni kifua, si kichwa wala mguu. Picha ilisema Simbu, kwa sekunde 0.03. Kwa mwendo waliokuwa nao, hiyo ni kama shibiri moja baada ya mita 42,195. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika historia ya mashindano ya dunia ya riadha, na ilipatikana katika mji uleule ambako Tanganyika ilianza Olimpiki mwaka 1964.

Ingekuwa zama za saa ya kubonyeza kwa kidole, tungebishana hadi leo. Safari hii kipimo kilikuwa shahidi wetu.

Daftari letu

Wafanyabiashara wetu wa Xiaobei wanaijua methali: mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa miaka mingi miguu ya Afrika Mashariki imekuwa mali isiyo na daftari nyumbani. Waliotupima wengi walitoka nje, namba zikaondoka nao, na hadithi zikarudi zikiwa zimeshatungwa. Akina Onywera wameanza kulishika daftari wenyewe. Mzee Bayi naye amejenga shule, ikiwamo ya Mkuza, Kibaha. Wanafunzi wetu wanaosoma udaktari, uhandisi na sayansi ya michezo katika vyuo vya Guangzhou wanaweza kuwa kizazi cha kwanza kitakachorudi na ujuzi wa kupima, si wa kupimwa tu.

Na tuanze kwa dogo. Tunapendekeza jumuiya yetu iwe na daftari la mbio za watoto katika sherehe hii ya kila mwaka: mita 50 kwa wadogo, mita 800 na 1,000 kwa wakubwa, jina, umri na muda. Kila mtoto alinganishwe na muda wake mwenyewe wa mwaka uliotangulia, si na damu wala na bara. Atakayepunguza sekunde mbili apigiwe makofi, hata akiwa wa mwisho. Atakayeshinda aulizwe alifanya mazoezi gani, kisha awafundishe wenzake.

Tunawatakia wasomaji wote heri ya Siku ya Uhuru. Wazazi, saa za kupimia tunazo kwenye simu zetu. Watoto, fungeni kamba za viatu.